Tamthilia ya Melini na Tamthilia ya Bwaloni: Uigizaji wa Vitabu Teule Meru na Embu

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umejengwa zaidi juu ya kitabu kuliko juu ya jukwaa. Mhakiki husoma tamthilia kama asomavyo riwaya, akatafuta dhamira, migogoro na falsafa ya mtunzi, kisha akamaliza kwa kusema kwamba kazi hiyo yafaa, au haifai, kuigizwa. Watazamaji hawaulizwi habari zao: walikuwa kina nani, waliketi wapi, walitoa nini ili waingie, na walikuwa na hiari kiasi gani ya kuondoka kabla ya mwisho. Swali hili la hiari ya kuondoka ndilo linaloongoza makala haya. Huko Meru na Embu, hadhira kubwa ya tamthilia ya Kiswahili ni wanafunzi wa sekondari za bweni, waketio bwaloni kutazama kitabu teule kikiigizwa na kikundi kilichokodiwa kutoka nje. Hao hawana pa kwenda.

Hadhira ya namna hiyo si ngeni duniani, na mfano wake ulio wazi kabisa uko baharini. Kuna taarifa mashuhuri isemayo kwamba mwaka 1607 mabaharia wa meli ya Kiingereza, Red Dragon, waliigiza Hamlet ya Shakespeare wakiwa nje ya pwani ya Sierra Leone, safarini kwenda nchi za Mashariki. Wako wataalamu wanaoishuku taarifa hiyo, kwani kurasa za asili za shajara ya nahodha William Keeling hazipo, na yaliyobaki ni manukuu ya karne ya 19. Lakini hata kama ni ya kubuni, sababu iliyotolewa ndani yake ya kuigiza mchezo huo yastahili kutafakariwa. Nahodha, kwa mujibu wa manukuu hayo, aliruhusu mchezo ili watu wake wasikae bure, wakaangukia usingizi na michezo isiyofaa. Sanaa hapo ni dawa ya uvivu. Karne nne baadaye hali ni ileile, ila imepambwa zaidi. Meli kubwa za anasa za siku hizi zina kumbi za maonyesho zenye viti kwa mamia, na Queen Mary 2, iliyoanza safari zake mwaka 2004, ina ukumbi wa viti zaidi ya elfu moja. Onyesho la kawaida katika meli hizo huchukua kama dakika 45 na hurudiwa mara mbili kwa usiku, kwa sababu abiria hula kwa zamu mbili. Urefu wa mchezo hupangwa na jikoni.

Mwenye kujua shule za bweni atacheka kidogo hapo. Bwalo ni ukumbi wa chakula kwanza, na ukumbi wa sanaa baadaye. Meza husukumwa kando, viti vya mbao hupangwa, na waigizaji huingilia mlango ule ule upitishao sufuria. Mchezo sharti uishe kabla kengele haijalia. Hata hivyo kufanana huku kusitiwe chumvi. Abiria wa meli ni mtu aliyekwisha kulipia starehe yake, na mchezo ukimchosha hatadhurika kitu. Mwanafunzi ataulizwa juu ya mchezo ule ule katika karatasi ya tatu ya mtihani wa taifa. Wote wawili wamefungiwa, lakini mmoja amefungiwa na bahari na mwingine na mtihani. Tofauti hiyo hubadilisha namna ya kutazama, na hatimaye hubadilisha hata tamthilia yenyewe.

Ukumbi wa kusafiri una historia yake Afrika Mashariki, na historia hiyo haikuanzia kwenye mtihani. Katika miaka ya 1950 shule ya Alliance ilikuwa na kundi la wanafunzi waliotunga na kuigiza tamthilia kwa Kiswahili, miongoni mwao Henry Kuria, mtunzi wa Nakupenda, Lakini..., huku Graham Hyslop, aliyechapisha Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu mwaka 1957, akiwa mlezi wa juhudi za aina hiyo. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha ukumbi wake wa kusafiri, uliocheza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikaanzisha ukumbi wa kusafiri, ambao jina lake lilitangaza kwamba ulikuwa wa bure. Neno hilo “bure” halikuwa la bei tu. Lilimaanisha kwamba mtazamaji wa sokoni angeweza kuja, na angeweza pia kuondoka. Mwigizaji aliyecheza mbele ya hadhira yenye uhuru huo alijua papo hapo kama mchezo wake una uhai.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na ukazaa soko la aina nyingine. Vikundi vikaanza kuzunguka shule kwa shule, kila mwanafunzi akitoa ada ndogo, vikiigiza tamthilia iliyoteuliwa mwaka huo na kuendelea hadi orodha ibadilike. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia ilipopokewa na Mstahiki Meya ya Timothy Arege, kisha Kigogo ya Pauline Kea, kisha Bembea ya Maisha ya Arege huyo huyo, vikundi vilibadili mavazi na maneno, lakini ratiba na bwalo vilibaki palepale.

Kati ya kazi hizo, Kifo Kisimani (2001) ndiyo inayolihusu eneo hili kwa karibu. Mtunzi wake alizaliwa Tharaka, katika nyanda kame zilizo mashariki ya Mlima Kenya, na ni mwanaisimu ambaye tasnifu yake ya uzamifu ilihusu Kitharaka. Tamthilia yenyewe haitaji Tharaka wala Kenya. Nchi yake ni Butangi, mtawala wake ni Mtemi Bokono, na majina ya wahusika yamechaguliwa yasimwelekeze msomaji kwenye kabila lolote. Kisima kimo mikononi mwa watawala na wananchi wanateseka. Mwelusi, kijana anayewaamsha wenzake, anafungwa na kuteswa, na hatimaye anauawa na Gege, ndugu yake wa tumbo moja, aliyeghilibiwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa Mtemi. Kitabu kilitoka katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Moi, na wahakiki wengi wamekisoma kama istiara ya utawala wa kidikteta. Usomaji huo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba unaharakisha mno kuyageuza maji kuwa siasa, kana kwamba maji si maji.

Hapo ndipo mahali pa kuigizia panapoanza kuwa na maana. Mwanafunzi wa Nkubu au Chogoria, kwenye miteremko ya mlima penye mvua, chai na mito isiyokauka, huliona neno “kisima” kama picha ya kifasihi. Mwanafunzi wa Marimanti au wa Siakago hana haja ya kuelezwa picha. Katika Mbeere jambo hili lina uchungu wake wa pekee. Mto Tana, unaopita kwenye mipaka yake, umejengwa mabwawa ya umeme moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Maji mengi yamekusanywa mahali pamoja, umeme wake umeyaendea majiji, na nyanda zinazoyazunguka zimebaki kame. Tamthilia inayosema kwamba maji yapo, ila kuna anayeyasimamia kwa faida yake, haihitaji ufafanuzi mbele ya hadhira hiyo. Inahitaji tu kuigizwa kwa uaminifu.

Ni nadra kupata uaminifu huo. Kikundi cha kukodiwa hufika na mchezo uliokwisha kukatwa, ule ule mmoja kwa Imenti na kwa Mbeere, kama vile meli ipelekavyo onyesho lile lile bandari hata bandari. Ukataji wenyewe si dhambi. Tamthilia nyingi kubwa zimekatwa na zikasimama. Dosari iko katika kinachoachwa na kinachoongezwa. Mara nyingi huachwa majadiliano marefu ya wananchi, ambamo hofu hugeuka polepole kuwa ujasiri, na huongezwa vichekesho vya askari na walevi, kwani kicheko ndicho kipimo cha haraka cha kufaulu. Tena kuna desturi ya kuusimamisha mchezo ili mwigizaji, akiwa bado katika vazi la mhusika, aitaje mbinu iliyotumika: hii ni kinaya, hii ni tashihisi. Mateso ya Mwelusi hukatizwa ili yaandikwe daftarini. Brecht naye alitaka mtazamaji atolewe katika usingizi wa hisia, lakini alitaka atolewe ili ahukumu jamii yake. Usimamishaji wa bwaloni unamtoa mwanafunzi katika jamii yake na kumrudisha kwenye alama.

Haifai, hata hivyo, kuvihukumu vikundi hivi kwa dharau ambayo baadhi ya wasomi wamekuwa nayo. Vina waigizaji vijana ambao jukwaa la bwalo ndilo chuo chao pekee, na umaskini wao umezaa mbinu ambazo kumbi tajiri hazina. Kwa kuwa waigizaji ni wachache, mtu mmoja hucheza nafasi tatu au nne. Katika Kifo Kisimani jambo hili lingeweza kuwa hazina. Mwigizaji akiwa askari wa Bokono katika onyesho moja na mwananchi mwenye kiu katika onyesho lifuatalo, watazamaji wanaona kwa macho yao kwamba askari naye ametoka katika umma uleule anaoupiga. Hakuna ufafanuzi wa darasani unaoweza kulisema hilo kwa nguvu kama kofia inayovuliwa mbele ya watu. Tatizo ni kwamba vikundi vingi huuficha ubadilishaji huo, vikiuona kuwa aibu ya uchache, badala ya kuufanya uonekane.

Jambo la pili lililoachwa ni sanaa za maonyesho za wenyeji. Wachuka wana ngoma zao ndefu ambazo mpigaji huzibana katikati ya miguu akazipiga huku akicheza, mwili na ngoma vikawa kitu kimoja. Wameru wana kirarire, nyimbo za tohara ambamo waimbaji hujibizana kwa ushindani wa maneno. Wazee wa Njuri Ncheke huendesha mabaraza yenye utaratibu wa usemi na wa ukimya. Vyote hivi ni drama, ingawa havikuandikwa. Lakini mahali ambapo ngoma ya Kichuka imepata jukwaa la kudumu ni kule inakoonyeshwa kama burudani ya wageni, kwa mfano katika Bomas of Kenya iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971. Huko ngoma imewekwa katika hali ya melini kabisa: kipande cha dakika chache kati ya vipande vingine, kwa mtazamaji apitaye. Kuitia ngoma hiyo katika Kifo Kisimani kama pambo la mwanzo na la mwisho kungekuwa kuirudia kasoro hiyo. Ingefaa itiwe pale panapohitajika sauti ya umma wa Butangi, ambao katika maandishi unazungumza kwa midomo ya watu wachache tu.

Tamthilia nyingine ya Kithaka wa Mberia, Natala (1997), yathibitisha kwamba hadhira hii hujua kutazama inapoguswa. Natala ni mwanamke anayekataa kurithiwa na shemeji yake pamoja na ardhi ya mumewe anayedhaniwa amekufa. Katika nchi ambamo hati ya shamba ni chanzo cha ugomvi wa ndugu kila siku, hakuna mwanafunzi asiyekuwa na Wakene wake nyumbani. Kwa upande wa ufundi, Natala ni nyepesi kuliko Kifo Kisimani, na kurejea kwa mume mwishoni kunamwondolea Natala sehemu ya ushindi alioupigania peke yake. Lakini huchezeka vizuri mahali padogo, kwa vifaa vichache, na haimsubirishi mtazamaji.

Nani basi abadili hali ya bwaloni? Haiwezekani kungoja mtihani ufutwe. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vilivyokwisha kufunguliwa katika eneo hili, huko Meru, Chuka na Embu, zina wanafunzi wanaosoma tamthilia kwa miaka minne bila kuicheza hata mara moja mbele ya watu wasiokuwa wanafunzi wenzao. Ukumbi wa kusafiri wa mwaka 1974 ulianza na watu wa namna hiyo hiyo. Kikundi cha chuo kikicheza jioni bwaloni kwa wanafunzi, na asubuhi yake, siku ya soko, kikicheza mchezo uleule katika uwanja wa Ishiara au wa Gatunga, kwa Kiswahili kinachochanganyika pale panapolazimu na Kimbeere au Kitharaka, kitalinganisha hadhira mbili. Hadhira ya soko itaondoka pale mchezo unapolegea, na waigizaji watajua ni sehemu gani zimelegea.

Kuna mhusika mmoja ambaye jaribio kama hilo lingemfaa zaidi ya wengine. Tanya ni mama wa Mwelusi na ni mama wa Gege. Katika michezo iliyofupishwa yeye hupunguzwa kuwa mwanamke wa kulia, apitaye jukwaani kwa dakika mbili, kwa kuwa maswali ya mtihani humwelekea zaidi Mwelusi na Bokono. Maandishi yamemweka mahali pagumu kuliko hapo, kati ya mwana aliyeuawa na mwana aliyeua, na ni mwigizaji mwenye muda wa kutosha tu, mbele ya watu walio tayari kumngoja, awezaye kunyamaza jukwaani kadiri mahali hapo panavyotaka.