Salfa ya Saa Tatu

Waliokuwapo Somanga asubuhi ile hawahitaji kusimuliwa. Wingu la njano liliinuka juu ya mikorosho, likapinda, likavuka barabara ya lami na kutua kwenye minazi ya watu. Ilikuwa saa tatu. Jua limeshapanda, umande umekauka, kusi inavuma kutoka baharini, na kiongozi wa wapuliziaji akaagiza mashine iwashwe. Alikosea, na mzunguko mzima wa shamba lile ulipotea pale pale.

Nisiwanyime haki yao. Maotea ya ndani ya miti yalikuwa yameondolewa vizuri, siku 14 tangu mzunguko uliopita hazikuzidi, injini ilinguruma bila kukatika, na vijana walikuwa na miwani na barakoa.

Turudi kwenye saa tatu. Sisi wa mikorosho tunajua kwamba salfa haiingii ndani ya mmea. Inakaa juu ya chipukizi na ua, na pale ilipokaa mbegu za ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaounguza maua, haziwezi kuota. Isipokaa, hakuna kilichofanyika. Kinachoikalisha ni vitu viwili tu: umande wa kuinasa na hewa iliyotulia ya kuiacha ielee ndani ya mti mpaka ifike kwenye mashada ya katikati na ya chini, yale ya kivulini, ambako ubwiri huanzia. Alfajiri unavyo vyote viwili bila gharama. Saa tatu huna hata kimoja. Ardhi ikishapata joto hewa hupanda, na unga laini kama ule hupanda nayo. Kusi ikiongezeka, kinachopanda kinachukuliwa.

Niliingia chini ya mkorosho waliotoka kuumaliza. Upande wa baharini nilishika shada na kulipitishia kidole: safi, hakuna hata chembe. Upande wa pili majani ya nje yalikuwa na unga juu, nikatikisa tawi, ukaanguka wote. Ndani, kwenye vichomozo vya maua vya chini, weupe wa ubwiri ulikuwa umeshaanza kutambaa kwenye vikonyo, na salfa haikuwa imefika. Mpuliziaji alikuwa ameuzunguka mti mzima, mdomo wa bomba ameuelekeza juu inavyotakiwa. Kijana yule anaijua kazi. Aliyemharibia ni aliyemwambia aanze.

Nilimuuliza kiongozi kwa nini hawakurudi nyumbani. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, mashine ni ya kukodi. Tukiiacha leo, kesho iko Tingi." Naielewa shida hiyo, lakini hesabu yake haikubali. Mkorosho mkubwa unataka gramu 250 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 ni miti 100. Kila miti 100 waliyoipita asubuhi ile ni mfuko mmoja uliokwenda kwenye minazi, juu yake petroli na ujira. Kuahirisha kungewagharimu siku moja au mbili, na ua la mkorosho linaweza kusubiri siku mbili. Lisichoweza ni kukaa wiki mbili nzima bila kinga huku mwenye shamba akiamini limepuliziwa. Hapo ndipo uamuzi ule ulipokuwa mbaya kuliko kutopuliza kabisa: asiyepuliza anajua hajapuliza, atahangaika. Huyu atasubiri mpaka tarehe ya mzunguko ujao, na akiona maua yameungua atasema salfa ilikuwa feki.

Hilo nalo nimelisema miaka na nitaendelea kulisema. Dawa feki zipo, lakini nusu ya lawama tunazozitupia mifuko zinastahili saa ya kupuliza. Na chanzo chake ni malipo kwa mti. Ukimlipa mtu kwa idadi ya miti, umemlipa awahi kumaliza, na atapuliza hata adhuhuri. Mlipe kwa asubuhi, kazi ikome jua linapochomoza, uone kama atachelewa.

Wazee waliotangulia hawakuwa na mjadala huu. Mwaka 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya 20,000. Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ilikuwa imewatenga na mashamba yao, bei haikumvutia mkulima, na ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979, ukamalizia kilichobaki. Waliotutoa shimoni ni watafiti wa kituo cha Naliendele, kina Sijaona na Shomari na wenzao, walioufuata ukungu huu kwenye chipukizi na ua, wakajua unashambulia lini na wapi. Vikundi vya kwanza vilivyofundishwa kazi hii viliingia shambani saa kumi alfajiri na tochi. Kukiwa na upepo, mashine haikuwashwa. Salfa ilikuwa ya kununua, na mtu aliyeuza mbuzi apate mfuko hakuupeperusha ovyo.

Siisemi vibaya salfa ya bure. Mwaka 2017 serikali iliitoa bila malipo, na msimu wa 2017/18 ukavunja rekodi kwa zaidi ya tani 313,000. Ruzuku imewafikia watu ambao wasingepuliza kamwe. Lakini tumegawa mifuko kwa bidii kuliko tulivyogawa maarifa ya kuitumia, na bwana shamba mmoja mwenye vijiji vingi hawezi kuwa kila shamba alfajiri. Tena salfa inayokosa ua haipotei bure. Majule, Topper na Nortcliff walichapisha mwaka 1997 utafiti kuhusu salfa na mazingira ya mikorosho ya kusini, na suala la udongo kuongezeka uchachu limo humo. Mchanga wetu wa pwani hauna uwezo mkubwa wa kuhimili uchachu. Anayepuliza kwenye upepo anaupa udongo kilichokuwa cha maua.

Mwenye shamba lile asisubiri siku 14. Arudie wiki hii hii, na kwa mistari iliyo wazi kwa bahari atumie dawa ya maji, hexaconazole au triadimenol, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Hizo zinapenya kwenye mmea na zinashika hadi siku 21, kwa hiyo anapata nafasi ya kupumua kabla ya mzunguko mwingine. Zipulizwe nazo kabla ya upepo kuamka. Mashine ya kukodi achukue jioni, ilale kwake, petroli na oili vichanganywe usiku, na kikundi kifike saa kumi. Wakichelewa hadi saa moja na majani ya mnazi yanacheza, awalipe nauli warudi.