Mshono Katika Picha: Fani na Ukweli wa Panorama

Panorama ya pikseli nyingi mno ni picha isiyopigwa mara moja. Msanii huigawa mandhari vipande vipande, hupiga kila kipande kwa lenzi ya kuvuta karibu, kisha tarakilishi huviunga viwe picha moja. Kazi hiyo ina kanuni zake: kila kipande kipandane kidogo na jirani yake, kipimo cha mwanga kisibadilishwe, na kamera izungushwe juu ya kitovu cha lenzi, la sivyo vitu vya karibu havitalingana na vya mbali.

Fani hii si mpya. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipanda mnara wa nyumba ya tajiri Mark Hopkins, San Francisco, akaupiga mji wote pande zote kwa vibao 13, vyenye urefu wa mita 5 hivi vikipangwa pamoja. Hata hivyo, vivuli vya kibao kimojawapo havifuatani na vya jirani zake, kwa kuwa kilipigwa saa nyingine. Picha inajidai kuwa mtazamo mmoja, kumbe ni saa kadhaa zilizoungwa.

Tarehe 20 Januari 2009, Barack Obama alipoapishwa mjini Washington, David Bergman alitumia kamera ndogo iliyozungushwa na mtambo. Picha 220 zikawa moja yenye pikseli milioni 1474. Anayeivuta karibu huuona umati ukigeuka watu, kila mmoja na uso wake. Hapa ndipo penye uzuri wa kazi hii. Picha ya kawaida humwongoza mtazamaji. Hii humwachia atangetange, na raia asiye na cheo hutazamwa kwa makini yaleyale anayotazamwa mkubwa.

Lakini mtaka yote hukosa yote. Msanii asipochagua, mtazamaji huchagua badala yake, na mara nyingi hutafuta watu mashuhuri tu. Kasoro kubwa zaidi ni ya wakati. Vipande 220 havikupigwa kwa nukta moja. Kwa hiyo picha haiwezi kuthibitisha nani alifanya nini wakati mwenzake akifanya lile. Kope zilizoshuka kwa kitambo kidogo hugeuka ushahidi wa usingizi, na mhukumiwa hakujua hata kwamba anapigwa picha. Umati uliokuwa kificho chake umeondolewa.

Kinyume chake ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, katika mfululizo wake uitwao Mémoire wa mwaka 2006. Juu ya mandhari pana, yenye rangi, ya mitambo ya Gécamines iliyochakaa, aliwabandika wafanyakazi wa zama za ukoloni waliotoka katika picha za kumbukumbu zisizo na rangi. Hapa mshono haukufichwa, ndio unaosema. Mtazamaji anajua mara moja kwamba nyakati mbili zimekutanishwa, na analazimika kuuliza ni nini kilichopita kati yake.

Inadhihirika, basi, kwamba wingi wa pikseli haupimi ukweli wa picha. Bergman anatoa mengi ya kuona, ila anaficha yalivyoungwa. Baloji anatoa machache, ila anayakiri. Mhakiki wa panorama, kabla ya kuhesabu pikseli, hana budi kuutafuta mshono.