Istilahi za Dawa na Insafu: Maneno Yanayombagua Mgonjwa

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno machache yatumikayo katika mafunzo ya ufamasia na katika utoaji wa dawa, na kupima kama maneno hayo yanamtendea haki mgonjwa. Yamkini wapo watakaosema kuwa ubaguzi ni jambo la sheria na fedha, wala si la kamusi. Sisi tunaona kuwa ubaguzi ukishafutwa katika sheria, huweza kuishi miaka mingi katika maneno ambayo hakuna anayeyashuku.

Historia yenyewe iko wazi. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji, ambaye jina lake lingalipo katika jengo mojawapo la wodi za Muhimbili. Waingereza waliuendeleza mgawanyo huo, na Mwafrika aliyeingia katika kazi ya tiba aghalabu aliishia ngazi ya udresa. Baada ya Uhuru wa 1961 milango ya hospitali haikufunguliwa tena kwa rangi ya mtu. Hata hivyo, mgawanyo wa maneno ulibaki.

Tuanze na "dawa ya Kizungu" na "dawa ya kienyeji". Jozi hii hugawa dawa kwa watu wanaodhaniwa kuwa wenyewe, wala si kwa namna zilivyochunguzwa na kupimwa. Isitoshe, haisemi kweli. Dawa mseto ya malaria, iliyoanza kutumika rasmi nchini mwaka 2006, ina kiungo kitokanacho na mmea wa artemisia, ambao Wachina waliutumia kutibu homa kwa karne nyingi. Mtaalamu wao Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kukigundua kiungo hicho. Je, dawa hiyo ni ya Kizungu kwa sababu imetiwa katika pakiti? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilichagua neno "asili", nasi tunaliunga mkono. Lakini mwalimu anayeendelea kusema "kienyeji" darasani humfundisha mwanafunzi wake kudharau kabla hajafundishwa kupima.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo linawahusu wafasiri. Maandishi ya dawa yatokayo ng'ambo mara kwa mara husema kuwa dawa fulani ya shinikizo la damu haiwafai sana "watu weusi". Mfasiri huyahamisha maneno hayo kama yalivyo, akadhani amekuwa mwaminifu. Kule yalikoandikwa, maneno hayo yanataja kundi dogo ndani ya jamii kubwa. Yakifika Mingoyo, karibu na njia panda ya Mnazi Mmoja ambapo barabara ya Mtwara na ile ya Masasi zinaachana, msomaji karibu kila mmoja anaambiwa kuwa yeye ni kighairi katika nchi yake mwenyewe. Tena neno halimwambii mtoa dawa ni nani hasa anayekusudiwa: Mmwera, Mmakonde, Myao, au mtu wa pwani ambaye babu yake mmoja alitoka Arabuni?

Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha dawa ya moyo iitwayo BiDil kwa wagonjwa waliojitambulisha wenyewe kuwa weusi. Utafiti uliotegemewa ulikuwa na watu 1,050, wote Wamarekani waliojitambulisha hivyo, na hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nao. Mfasiri anayeandika "dawa ya moyo ya watu weusi" amesema zaidi ya utafiti wenyewe. Aandike: "ilijaribiwa kwa Wamarekani waliojitambulisha kuwa weusi". Ni maneno mengi, lakini ni ya kweli.

Mfano mwingine ni kanuni ya kukadiria kazi ya figo iliyotolewa mwaka 2009. Mgonjwa akiandikwa kuwa mweusi, jibu lake lilizidishwa kwa 1.159, yaani figo zake zilionekana nzima zaidi kwa takriban asilimia 16. Kizidisho hicho kiliondolewa katika kanuni mpya ya mwaka 2021. Mwalimu anayefundisha kwa vitabu vya zamani hana budi kulieleza jambo hili, kwani kadirio la figo ni moja ya mambo yanayoamua kama mgonjwa wa kisukari apewe dawa fulani au anyimwe.

Jambo la tatu tulilishuhudia Mingoyo kwenyewe, katika duka moja la dawa. Kijana mtoa dawa alimwamkia bibi mmoja shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akampa kibahasha kilichoandikwa "2 x 3". Bibi akakitazama, akauliza: "Sita kwa pamoja, mwanangu?" Kijana akamweleza vizuri, wala hatumlaumu, ndivyo alivyofundishwa. Lakini wangapi hawaulizi? Nako kuandika "kila saa 8" hakuponyi, kwa kuwa Mswahili akisikia saa nane huelewa saa nane ya mchana. Iandikwe: vidonge viwili saa 12 asubuhi, viwili saa 8 mchana, viwili saa 4 usiku.

Wapo watakaotujibu kuwa ufamasia vyuoni husomeshwa kwa Kiingereza, hivyo haya hayaepukiki. Jibu letu ni kwamba mgonjwa hakukaa katika mtihani ule, naye ndiye atakayemeza dawa.

Limebaki neno la kuitia dhana yenyewe. "Usawa" pekee halitoshi. Kumpa kila mgonjwa kibahasha kilekile ni usawa. Kumpa kila mmoja maelezo kwa kadiri ya haja yake hata wote wapone ni jambo jingine. Pwani yetu ina neno insafu, lenye maana ya haki iliyochanganyika na utu. Tunapendekeza "insafu katika afya" lijadiliwe na wataalamu pamoja na walimu. Nasi wa ofisi za istilahi tujilaumu pia, kwani mara nyingi tumetosheka kutoa orodha za maneno bila kwenda dirishani kusikia yanavyopokewa. Safari ijayo tuanzie hapo.