Mkanda Ulioiponza Swift Sport

Mwishoni mwa 2011 Suzuki ilikuwa na kila kitu mkononi. Swift Sport mpya, ZC32S, ilikuja na injini ya M16A ya cc 1,586 iliyofikishwa farasi 136, uzito wa kama kilo 1,050, na gia sita za mkono zilizopangwa kwa kukaribiana. Kisha, kwa mnunuzi asiyetaka klachi, kiwanda kikaweka CVT. Hapo ndipo kilipochemsha.

M16A hii hufikia kilele cha nguvu zake kwenye mizunguko 6,900 kwa dakika. Inataka dereva aishike gia ya pili mpaka ilie, aingize ya tatu ikiwa bado na hasira. CVT haina gia hizo. Ina mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili zinazotanuka na kusinyaa. Chukua dereva anayetoka Bunda kwenda Musoma. Matuta ya kijiji yameisha, kibao cha 50 kimepita, mbele kuna lori na upenyo mfupi. Anakanyaga. Mshale wa mizunguko unaruka, injini inapiga mayowe, na gari linabaki nyuma ya mayowe yake: ngoma ya jirani, unaisikia ila huichezi. Swichi zilizo nyuma ya usukani zinaigiza gia saba. Zinaigiza tu. Na kwenye barabara hii, ambako kila kijiji kinamrudisha mtu kwenye 50, utamu wote wa gari dogo uko katika kuchomoka hapo.

Suzuki yenyewe ilijisahihisha: Swift Sport ya 2017, ZC33S, ilipewa otomatiki ya kawaida ya gia sita. Walionunua kabla wabaki na mkanda wao.

Mpinzani wake, Toyota Vitz RS ya wakati huohuo, NCP131, nayo ina CVT kwenye orodha, lakini 1NZ-FE yake ya farasi 109 haidai kulizwa, kwa hiyo mkanda unakera kidogo. Ya gia tano za mkono ni gari la kueleweka. Injini ni ileile ya IST na Probox, kwa hiyo fundi yeyote anayehudumia michomoko (magari madogo ya abiria) ya Bunda anaijua kwa kupapasa.

Ila safu hii haijaisamehe Toyota kwa kuizika Starlet mwaka 1999. Toleo lake la Glanza V, cc 1,331 na turbo, ilitoa farasi 135 ikiwa chini ya kilo 1,000. Vitz RS ina cc 165 zaidi na farasi 26 pungufu. Hayo ni maendeleo?

Matairi ya Swift, 195/45 ya rimu 17, yatalia kwenye changarawe za vijiji vya Butiama. Hata hivyo, yenye gia sita za mkono ndiyo ya kununua. Ikikosekana, Vitz ya gia tano, na Swift ya CVT ije mwisho kabisa. Mnunuzi asiliamini tangazo la Japani, maana mara nyingi CVT huandikwa AT kama otomatiki nyingine yoyote. Aikuze picha ya miguuni pa dereva, ahesabu pedali.