"Kichungi" au "Wavu"?

Katika rasimu ya tafsiri tuliyoletewa, inayomwelekeza mwenye gari namna ya kujitengenezea wavu wa bampa la mbele, mfasiri ameandika: "Ziba tundu kwa kichungi." Hatuna budi kumpinga. Kichungi, kama wajuavyo wavuta sigara, kazi yake ni kuchuja. Mwenye kulifuata neno hilo atatafuta waya wenye vitundu vidogo kama vya chandarua. Hewa itapungua kwenye rejeta, na injini itachemka kabla gari halijaumaliza mlima wa Sekenke. Kinachotakiwa ni kuzuia mawe na kupitisha upepo, na kwa hilo neno "wavu", alijualo kila mvuvi, latosha.

"Ziba" ndilo kosa kubwa zaidi, kwa kuwa tundu lile liliachwa makusudi. "Funga" nalo halisaidii, maana huweza kueleweka kuwa ni kuziba vilevile. Sisi tungeandika: "Fungia wavu nyuma ya tundu, uukaze kwa skrubu."

Mafundi huuita urembo wa mbele "sho". Neno hilo tunalipenda, lakini libaki kwa kile kilichotoka kiwandani. "Bampa" na "rejeta" hatuoni sababu ya kuyagusa.