Mwisho Uliogeuka Mwanzo: Queen kwenye Kanda ya Dakika 60

Kijana anayeingiza nyimbo kwenye flashi hapa Buhongwa, Mwanza, kwenye kibanda kinachotazama barabara ya Shinyanga, ni mwaminifu kwa kazi yake. "Shikamoo mama. Zote kumi na saba zimo, ukikosa hata moja nirudishie," aliniambia. Nikamwitikia marahaba, nikamlipa, nikaenda zangu. Nyumbani nikachomeka flashi kwenye redio. Wimbo wa kwanza kulia ukawa "Another One Bites the Dust". Wa mwisho, karibu saa nzima baadaye, ukawa "You're My Best Friend". Kijana hakukosea chochote. Redio ndiyo iliyozipanga nyimbo kwa alfabeti.

Nyimbo zilikuwa zilezile kumi na saba, lakini kazi ninayoijua haikuwemo. Kwa alfabeti, "We Are the Champions" hutangulia "We Will Rock You", yaani watu wanapokea kombe kwanza, halafu ndipo wanaingia uwanjani. Nilikaa pale kwenye kiti nikiwa na uchungu ambao sikuutegemea kutoka kwenye redio.

Mimi kazi hii niliipokea kwenye kanda. Marehemu mjomba aliirekodi kutoka kwenye santuri ya rafiki yake, akaandika majina ya nyimbo kwa wino wa bluu kwenye kikaratasi cha ndani, herufi zimebanana kama dagaa walioanikwa. Santuri yenyewe ni *Greatest Hits* ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1981. Upande wa kwanza una nyimbo nane, wa pili tisa, na zote pamoja huchukua dakika kama 58. Kanda ya dakika 60 inazimeza bila kukata hata mmoja, na mwisho wa kila upande hubaki ukimya mfupi kabla kitufe hakijaruka. Kanda haikuruhusu kurukaruka. Kusogeza mbele ni kubahatisha, tena kunakula betri. Basi unasikiliza kama alivyopanga aliyepanga, na ukishairudia mara nyingi unaanza kuusikia wimbo unaofuata kabla haujaanza.

Sisi mikusanyo ya namna hii tumeipa majina mawili mazuri. Redio ilituzoesha *zilipendwa*. Na mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, nyimbo zake zilikusanywa kwenye mfululizo ulioitwa *Ukumbusho*. Jina la kwanza linamweka msikilizaji ndani yake bila kumtaja: zilipendwa na nani, kama si sisi? La pili linamwita aliyeondoka. Jina la Kiingereza linatazama chati za mauzo tu, na labda ndiyo sababu wahakiki wengi huupita mkusanyo kama kapu la sokoni, kila kitu kimetupiwa humo, anayetaka achague. Mimi nasema kapu la Queen limesukwa, na ususi wake unastahili kutazamwa ukili kwa ukili.

Anza na miaka. Aliyepanga hakufuata kalenda. Wimbo wa kwanza ni wa 1975, wa pili wa 1980, wa tatu unarudi 1974. Alichofanya ni kikubwa zaidi ya kuchanganya tarehe. "Bohemian Rhapsody", unaofungua mkusanyo, kwenye albamu yake ya asili *A Night at the Opera* ulikuwa karibu na mlango wa kutokea: baada yake kuna wimbo wa taifa wa Uingereza uliopigwa kwa gitaa, basi. "We Will Rock You" na "We Are the Champions", zinazofunga mkusanyo, ndizo zilizofungua *News of the World* mwaka 1977, moja baada ya nyingine. Kilichokuwa mwisho kimewekwa mwanzo, kilichokuwa mwanzo kimewekwa mwisho. Nyimbo hizo tatu hazikubadilishwa hata noti moja, lakini kila mmoja unafanya kazi nyingine kabisa.

Sikiliza unavyofanya kazi ule wa kwanza. Hakuna ala inayotangulia. Zinaingia sauti za watu, zimepangwa kwa ngazi kama kwaya, na mtu aliyekulia kwenye kwaya za kanisa hapa Mwanza atanyoosha shingo mara moja kutafuta nani anaimba sauti ya tatu. Kisha piano, na mtu mmoja anamweleza mama yake jambo zito. Kisha gitaa la Brian May. Kisha ile sehemu ya opera, sauti zinarushiana maneno kutoka kulia na kushoto. Kisha roki yenyewe, kwa hasira. Kisha utulivu, na upatu mmoja unaopigwa taratibu mpaka unazimika. Ni karibu dakika sita, na wimbo mzima hauna kiitikio. Hakuna mahali ambapo msikilizaji anakaribishwa kuingia na kuimba kipande kinachorudi, kwa sababu hakuna kinachorudi ila ile hali ya mwanzo, tena ikiwa imechoka.

Na ule umati wa opera ni wanabendi watatu tu: Freddie Mercury katikati, May chini, Roger Taylor juu kabisa. Walirekodi sauti juu ya sauti kwa siku nyingi, na May ameeleza jinsi utepe ulivyopitishwa kwenye mashine mpaka ukaanza kupenya mwanga. Tunasikia baraza zima la watu likibishana juu ya roho ya mtu mmoja, kumbe ni makoo matatu yamejizidisha. Mkusanyo unaanza na umati usio na nafasi yangu mimi. Nimesimama nje ya mlango, nasikiliza kesi ya watu wengine.

Ndani ya kesi hiyo kuna neno moja ambalo Mswahili hawezi kulipita. Ni bismillahi, neno tunalotamka kabla ya kunawa na kula, na hapo linatamkwa kwa ukali kama mtu anayekataa kuachia. Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wa familia ya Kiparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Alisomeshwa India, akarudi, na mwaka 1964 familia ikaondoka kwenda Uingereza baada ya Mapinduzi. Wapo wanaotaka kusikia taarabu ndani ya nyimbo zake. Nimesikiliza kwa miaka na sijaisikia, na naona tunamkosea mwanamuziki tunapomlazimishia urithi ambao hakuuweka mwenyewe. Lakini mpangaji ana lake la kujibu hapa. Mwaka 1978 Mercury alitunga "Mustapha", wimbo wenye majina ya Mustapha na Ibrahim na maneno yenye sauti ya Kiarabu, nao ndio uliofungua albamu ya *Jazz*. Kwenye mkusanyo haumo. Ule upande wa kwetu, ambao yeye hakuuficha, umebaki neno moja tu, limefukiwa katikati ya opera.

Upatu ukizimika, unaingia mkito wa besi ya John Deacon: noti tatu nzito, ukimya, kisha mwendo wa mtu anayetembea peke yake usiku. Huo ndio "Another One Bites the Dust", na kwangu makutano haya ndiyo ushahidi mkubwa kwamba kuna mtu alikaa akafikiri. Wimbo uliojaa kuliko zote unapakana na wimbo mtupu kuliko zote. Unatoka kwenye nyumba ya watu mia, unaingia uani ambako kuna kivuli kimoja. Kwenye flashi yangu besi ile ilianza bila kitu nyuma yake, ikawa besi nzuri tu. Kwenye kanda inaanza ikiwa na ukimya wa upatu mgongoni.

Upande huohuo kuna jambo dogo linalonifurahisha kila mara. "Fat Bottomed Girls" wa May na "Bicycle Race" wa Mercury ni nyimbo zinazotajana. Kila mmoja unamchokoza mwenzake. Kwenye *Jazz* zilitenganishwa na wimbo mwingine katikati. Mkusanyo umezirudisha ubavu kwa ubavu, kama zilivyotoka kwenye santuri ndogo ya 1978, na ule utani ukasikika tena. Kisha zinalia zile kengele za baiskeli, nyingi kwa pamoja. Anayekaa Buhongwa, ambako mkaa na madumu ya maji hupita kwa baiskeli asubuhi na jioni, hahitaji kuelezwa kengele inasema nini: nipishe. Mercury ameifanya iseme hivyo kwa muziki mzima.

Upande wa kwanza unafungwa na "Save Me", ombi la mtu aliyeachwa. Unageuza kanda. Upande wa pili unafunguliwa na "Crazy Little Thing Called Love", ambao Mercury aliutunga kwa dakika chache akiwa kwenye beseni la kuogea hotelini Munich, akaupiga kwa gitaa ambalo mwenyewe alikiri halijui sana. Basi pande zote mbili zinafunguliwa naye, upande mmoja kwa wimbo uliomtoa jasho kuliko zote, wa pili kwa wimbo uliomjia kama chafya. Tendo la kugeuza kanda kwa mkono limo ndani ya umbo la kazi hii. Ndicho kituo chake cha kupumua.

Baada ya hapo inakuja kwaya ya pili. "Somebody to Love" wa 1976 ni sauti zilezile tatu zilizojizidisha, safari hii kwa mtindo wa kwaya za injili za Wamarekani weusi. Tofauti na opera ile, hapa kwaya inajibu. Mtu anauliza, wenzake wanaitikia, anauliza tena, na pale katikati ala zinanyamaza, inabaki sentensi moja inayorudiwa kwa sauti za chini ikipanda kidogokidogo. Huo ndio mlango wa kwanza kufunguka. Unaweza kuingia na kuitikia, na mjomba aliitikia, tena kwa sauti ya besi, hata akiwa ananyoa ndevu.

Si kila ukili umekazwa. Kuanzia "Play the Game" mpaka "Flash" kapu linalegea. "Flash" ilitungwa kwa ajili ya filamu ya *Flash Gordon* ya 1980, na imebeba vipande vya mazungumzo ya filamu hiyo. Ikitolewa kwenye picha zake inabaki kama mtu anayekusimulia kwa kelele sinema ambayo hukuiona. Nisingeiweka. Unaofuata, "Seven Seas of Rhye", unarudisha uzi, na unaishia kwa watu kuimba pamoja wimbo wa zamani wa Kiingereza wa kwenda ufukweni, sauti za kilevilevi, zisizopangwa. Kwa mara ya kwanza kwenye kanda nzima tunasikia watu wanaoimba kama watu.

Halafu miguu. Mguu, mguu, kofi. Hakuna besi, hakuna dramu, na gitaa halitokei mpaka mwishoni. May amesimulia kwamba wazo lilimjia mwaka 1977 baada ya onyesho la Bingley Hall, Stafford, ambako watazamaji waliwaimbia wao. Akajiuliza watu waliobanana vile wanaweza kufanya nini, akaona wanaweza kukanyaga, kupiga makofi na kuimba. Huo ni utunzi unaoanza na mwili wa msikilizaji. Wasukuma wanalijua jambo hili kwa njia yao. Vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinapocheza uwanja mmoja, kila kundi upande wake, mshindi ni yule aliyevuta watu wengi, na watu hawavutwi na ufundi wanaoutazama kwa mbali, wanavutwa na nafasi waliyoachiwa ndani ya ngoma. "We Will Rock You" imeacha nafasi hiyo tupu makusudi, na "We Are the Champions" inaijaza kwa kiitikio kipana ambacho kila mwenye pumzi anaweza kukishika.

Hapo ndipo ninaposikia safari nzima. Mkusanyo umeanza na watu watatu wanaojifanya umati, ukaishia na wimbo unaodai umati wa kweli. Kwenye *News of the World* miguu ile ilikuwa salamu ya kufungua shughuli. Hapa imekuja baada ya nyimbo kumi na tano, na msikilizaji aliyeachwa mlangoni mwanzoni ndiye anayefunga kazi.

Ususi huu una gharama. Kati ya nyimbo 17, Mercury ametunga 10, May 5, Deacon 2, na Taylor hana hata mmoja. Mpiga dramu anasikika kote na hasemi lolote. Albamu yao ya kwanza ya 1973 haikutoa wimbo hapa. Na Marekani walipewa mkusanyo tofauti chini ya jina lilelile, nyimbo na mpangilio vimebadilishwa, "Under Pressure" walioufanya na David Bowie umetiwa ndani. Naushikilia wa Uingereza. Ndio uliokuwa albamu ya kwanza kufikisha mauzo milioni 7 kwenye chati za nchi hiyo, mwaka 2022, na siamini nyimbo peke yake ndizo zilizoufikisha huko.

Nilirudi kibandani kesho yake. Kijana alidhani nimekosa wimbo. Nikampa kile kikaratasi cha mjomba, nikamwomba aandike namba mbele ya kila jina, kuanzia 01 hadi 17, kama ilivyo kwenye kanda. Ilimchukua dakika tano na hakutaka kuongezwa pesa. Wewe uliye na kanda za zilipendwa kabatini, za Mbaraka, za Marijani, za yeyote, kabla hujazipeleka zikahamishiwe kwenye flashi, nakili kwanza kile kikaratasi, na uziwekee namba.