Maungamo ya Mtakatifu Augustino

Kitabu hiki ni cha Mwafrika, tena mwalimu. Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras katika nchi ya Algeria. Alifundisha ufasaha wa maneno huko Carthage, kisha Roma, kisha Milano. Akafa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, adui wakiwa wameuzingira mji wake. Basi yafaa sisi walimu tukisome kama kitabu cha ndugu yetu.

Kina sehemu 13, naye aliziandika yapata miaka kumi baada ya kubatizwa na Askofu Ambrosi mwaka 387. Watu wengi huzisimulia habari zake kwa ufupi: kijana mpotovu, mama mwenye machozi, sauti bustanini, ubatizo, kisha hadithi imekwisha. Usimulizi huo si wa uongo, walakini wakipunguza kitabu mno.

Kwanza, wasahaulisha kwamba Augustino hakuwa mtu aliyeshindwa na dunia akakimbilia kanisani. Alifanikiwa. Baba yake hakuwa na mali nyingi, hata mwaka mmoja kijana alikaa nyumbani bila masomo kwa kukosa fedha. Naye akapanda daraja kwa daraja mpaka mwaka 384 akapewa ualimu mkuu wa Milano, mji alimokaa Kaisari. Vijana wa namna hiyo twawajua: ukoo mzima hujinyima ili mmoja asome, naye akifika juu haulizwi kama moyo wake umeshiba.

Swali hilo lamjia katika sehemu ya sita, nayo kwa maoni yangu ni habari iliyosimuliwa vizuri kuliko zote. Augustino alikuwa akitengeneza hotuba ya kumsifu Kaisari. Alijua kwamba itajaa uongo, na ya kuwa wasikilizaji wataujua uongo huo na kuushangilia. Njiani akamwona maskini mwombaji, amelewa, anacheka. Akawaambia rafiki zake kwamba mtu yule kwa senti chache za kuomba amekwisha kupata furaha ambayo wao wanaitafuta kwa taabu nyingi, wala hawajaipata.

Angalia, ndugu msomaji, jinsi anavyopima kwa haki. Hamsifu mlevi, wala hasemi kwamba elimu ni takataka. Furaha ya yule haikuwa ya kweli; lakini ulevi wa mwombaji ungekwisha usiku uleule, na ulevi wa Augustino, yaani kiu ya sifa, alilala nao akaamka nao. Kosa halimo katika kazi wala katika cheo. Limo katika kuvitwika mzigo ambao haviwezi kuuchukua.

Kitabu kina upungufu wake, wala si heshima kuuficha. Mwanamke aliyekaa naye miaka mingi na kumzalia mwana, Adeodatus, alirudishwa Afrika ili Augustino apate kuposa binti wa watu wenye cheo. Mwandishi aeleza jinsi moyo wake mwenyewe ulivyojeruhiwa. Lakini jina la mama yule halitaji, na uchungu wake aupitia kwa maneno machache. Mtu aliyejichunguza kwa ukali hivi angaliweza kumpa nafasi zaidi.

Lakini sehemu ya kumi yakikomboa kitabu, nayo ndiyo wasomaji wengi wasiyoifikia. Humo mnenaji ni askofu, amebatizwa siku nyingi, naye bado ajipekua: ulafi wa chakula, utamu wa nyimbo, macho yapendayo kutazama ovyo hata mjusi akamatapo nzi. Juu ya yote, akiri kwamba kupenda kusifiwa kungali kunamjaribu. Kiu ileile ya Milano haijafa! Ila sasa anaye wa kumpelekea.

Hili lina maana kubwa kwa wafundishao. Tukimwahidi kijana kwamba siku ya ubatizo tamaa zote zitazikwa, siku zitakapoinua kichwa atadhani kwamba imani yenyewe ilikuwa uongo, naye atairudia dunia kwa hasira ya mtu aliyedanganywa. Augustino hatoi ahadi ya namna hiyo. Raha aliyoipata katika Kristo si kukoma kwa vita. Ni kujua mahali pa kuegemea vita vikiendelea. Raha hiyo hudumu, kwa sababu haitegemei sifa za watu wala nguvu zake mwenyewe.

Basi anayekisoma kitabu hiki asikome bustanini. Aendelee hata sehemu ya kumi, kisha ndipo awasimulie wanafunzi wake.